BIMA YA TAJIRI NA MARADHI YA AKILI: ORODHA ISIWE UKUTA



Katika mikutano ya matawi swali moja linarudi kila mara. Mwanachama husimama akasema: "Mimi nina kadi ya bima. Tajiri anajisifu kwamba ametuwekea bima nzuri. Mbona nilipokwenda kwa mshauri wa maradhi ya akili niliambiwa kadi hii haifanyi kazi hapa, nilipe pesa taslimu?" Wengine wakisikia hucheka kidogo, kisha hunyamaza, maana kila mtu anajua nyumbani kwake yuko mmoja ambaye angeuliza vile vile kama si haya.

Jawabu letu ni hili. Bima ya kazini si sadaka. Ni sehemu ya ujira wetu iliyolipwa kwa njia nyingine, na iliwekwa mezani siku ya kupatana mkataba pamoja na mshahara, likizo na nyumba. Kwa hivyo mwenye haki ya kuuliza inatumika vipi ni mfanyakazi mwenyewe. Na pale ambapo orodha ya waganga wa kampuni ya bima haina mtu wa kumfaa mgonjwa, bima ilipe nje ya orodha. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza hapa, pamoja na njia ambayo mwanachama anaweza kuitumia hata leo kurudishiwa sehemu ya pesa zake.

Kwanza tuseme juu ya maradhi yenyewe. Watu wengi wakisikia "akili" hufikiri Mathari. Hospitali ile ilianzishwa mwaka 1910, na tangu zamani jina lake limegeuzwa tusi: "Huyo apelekwe Mathari." Tusi hilo limewaua watu, maana mtu huogopa kuitwa mwenda wazimu kuliko anavyoogopa ugonjwa. Lakini walio wengi miongoni mwa wenye shida hizi si wa kulazwa popote. Ni dereva aliyeona abiria wake wakifa barabarani, na sasa akishika usukani mikono inatetemeka. Ni karani asiyelala miezi mitatu kwa sababu ya madeni. Ni mama aliyezika mtoto akarudi kazini baada ya siku chache, na anaambiwa ajikaze. Ni mlinzi wa usiku ambaye pombe imekuwa dawa yake ya usingizi. Hawa wanahitaji mtu aliyesomea kazi ya kuwasikiliza na kuwaongoza, wiki baada ya wiki, mpaka warudi katika hali yao. Kazi hiyo ni matibabu kama matibabu mengine. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humfichua, wala hawakusema ni maradhi ya mwili peke yake.

Sasa tutazame bima zinavyofanya kazi, maana ziko za namna mbili na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni ile ya Serikali. Kutoka mwaka 1966 tulikuwa na NHIF. Mwezi wa Oktoba 1, 2024, mahali pake pakachukuliwa na SHIF chini ya mamlaka iitwayo SHA, kwa Sheria ya mwaka 2023. Mwenye kazi ya mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, wala isipungue Sh. 300/- kwa mwezi. Mwenye mshahara wa Sh. 30,000/- hukatwa Sh. 825/-. Pesa hizo zatoka kwa mfanyakazi mwenyewe. Sheria haikumlazimisha tajiri kuweka nyingine kama hizo juu yake. Matibabu ya akili yamo katika huduma zake, lakini SHIF hulipa hospitali zilizokubaliwa na kufanya mkataba nayo. Ukienda kwa mshauri asiye na mkataba huo ukalipa kutoka mfukoni, usitegemee SHIF kukurudishia.

Ya pili ni bima ambayo tajiri amenunua kwa kampuni ya bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Hapa ndipo mambo ya orodha. Kampuni hupatana bei na hospitali na waganga kadha wa kadha, kisha huandika majina yao. Ukienda kwa aliye katika orodha, unatoa kadi, na kampuni inalipa. Ukienda kwa mwingine, unalipa mwenyewe kwanza. Baadaye, kama mkataba wa bima unaruhusu, unapeleka risiti na kurudishiwa pesa zote au sehemu yake.

Hatusemi orodha ni kitu kibaya. Kupatana bei mbele kunazuia mgonjwa kutozwa bei ya kukisia, na kunamwezesha mtu kutibiwa siku ambayo hana hata nauli. Vile vile kunapunguza wizi wa madai ya uongo, ambao mwishowe hupandisha gharama ya bima ya kila mtu. Lakini kwa maradhi ya akili orodha ina kasoro tatu ambazo kampuni hazipendi kuzitaja.

Kasoro ya kwanza ni ufupi wake. Mara nyingi orodha itakuwa na kurasa nzima za zahanati na maduka ya dawa, halafu washauri wa akili ni majina machache, tena wote mjini. Mwanachama aliyeko mbali barabarani, katika mji mdogo, atafanya nini?

Kasoro ya pili ni kungoja. Mguu uliovunjika huwezi kuambiwa usubiri wiki sita. Lakini mtu ambaye hajalala na anafikiria kujidhuru huambiwa hivyo, kwa sababu maumivu yake hayaonekani kwa macho.

Kasoro ya tatu ni imani. Katika matibabu haya mgonjwa hutoa siri zake zote. Akimwona mshauri ni jamaa wa bwana mkubwa wa ofisi, au anakaa katika zahanati ile ile ya kampuni ambako mameneja wanapita, atafunga mdomo wake na matibabu hayatafaa kitu. Na aliyekwisha kuanza na mshauri mmoja kwa mwaka mzima, kisha tajiri akabadili kampuni ya bima, si haki kumwambia aanze upya kwa mgeni kana kwamba anabadili duka la sukari.

Watu wengine wanadhani kwamba katika jambo hili sheria iko upande wa kampuni. Sivyo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilikataza kampuni ya bima kutoa bima ya ugonjwa inayowatenga au kuwapunguzia matibabu wenye maradhi ya akili. Marekebisho ya mwaka 2022 yakathibitisha kwamba mwenye maradhi haya ana haki ya kupata bima ya matibabu bila kubaguliwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya bora kwa kadiri inavyoweza kufikiwa. Tangu mwaka 2014 iko Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, na bodi ya kuwaandikisha, kwa hivyo hakuna awezaye kusema washauri ni watu wa kubahatisha tu. Na mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kile kifungu cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba. Mahakama imekwisha kutambua kwamba mtu huyo anahitaji msaada. Je, tajiri na kampuni ya bima wangoje nini?

Basi mwanachama afanye nini leo, kabla mkataba wetu haujabadilishwa? Afuate njia hii, asiruke hatua.

1. Omba maandishi ya bima yenyewe, wala si kile karatasi chenye picha. Uliza mambo manne: Je, matibabu ya akili yana kiasi chake cha mwaka, ni shilingi ngapi? Je, kampuni hulipa nje ya orodha? Je, hulipa sehemu gani ya bei? Na madai yapelekwe katika muda wa siku ngapi?

2. Pata barua ya daktari inayosema unahitaji matibabu ya mshauri. Kampuni nyingi hukataa madai kwa kukosa karatasi hiyo moja tu.

3. Omba kibali kwa maandishi kabla ya kuanza. Kama hakuna mshauri wa kukufaa katika orodha, au yuko mbali, au nafasi yake ni ya mwezi ujao, andika hivyo waziwazi na uwaombe wakubali uende nje kwa masharti yale yale ya ndani. Ukipigiwa simu ukaambiwa "sawa," waombe waandike. Maneno ya simu hayana shahidi.

4. Hakikisha mshauri wako ameandikishwa na bodi na ana leseni ya mwaka huo. Asiye na leseni, hata awe hodari namna gani, risiti yake itatupwa.

5. Kila ukilipa, chukua risiti halali yenye jina lako, tarehe ya kila mkutano, bei ya kila mkutano, aina ya huduma, na jina na nambari ya leseni ya mshauri. Risiti iliyoandikwa "huduma" tu ni karatasi ya kufungia karanga. Jaza fomu ya madai, na mwambie daktari au mshauri ajaze sehemu yake, ikiwa na jina la ugonjwa.

6. Weka nakala ya kila kitu. Peleka madai mapema, na upate muhuri au jawabu la kuonyesha yamepokelewa.

7. Wakikataa, waulize kwa barua ni kwa kifungu gani cha mkataba. Kisha mwone mwakilishi wa chama. Kama hakuna haki kwa kampuni, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Kusimamia Bima, iliyowekwa kwa kazi hiyo pia.

Mtu asidanganywe kuhusu hesabu. Tuchukue mfano, na ni mfano tu. Mshauri anatoza Sh. 4,000/- kwa mkutano mmoja. Kampuni inasema kwa hesabu zake bei ya kawaida ni Sh. 3,000/-, na nje ya orodha hulipa asilimia 80. Haitalipa asilimia 80 ya 4,000, bali ya 3,000, yaani Sh. 2,400/-. Wewe unabaki na Sh. 1,600/-. Kwa mikutano 8 umelipa Sh. 32,000/-, unarudishiwa Sh. 19,200/-, na Sh. 12,800/- ni zako. Mtu aliyesikia "asilimia 80" akafurahi bila kuuliza "ya nini?" atashtuka. Kwa hivyo uliza kabla, na mwambie mshauri hali yako, maana wako washauri wanaopunguza bei kwa mwenye kipato kidogo.

Jambo la siri nalo ni kubwa. Fomu yenye jina la ugonjwa haifai kupita juu ya meza ya meneja, ikasomwa na kila karani, kisha jioni ikawa hadithi ya kantini. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile za kulindwa zaidi. Peleka madai yako moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Tajiri akisema lazima ayaone kwanza, mlete habari hiyo kwa katibu wa tawi.

Sasa tutoke nje ya nchi kidogo, tuone wenzetu walivyofanya. Huko Marekani, ambako bima nyingi za matibabu zapitia kazini kama zetu, tangu mwaka 2008 kuna sheria ya kutaka bima isiyaminye maradhi ya akili kuliko maradhi ya mwili. Hata hivyo watu waliendelea kuambiwa wangoje, au wajilipie nje ya orodha. Katika jimbo la California sheria ya mwaka 2020 ikasema: kama huduma hiyo haipatikani ndani ya orodha kwa wakati na kwa umbali uliowekwa, kampuni ya bima yenyewe imtafutie mgonjwa huduma nje, na mgonjwa asilipe zaidi ya ambavyo angelipa ndani. Sheria nyingine ya mwaka 2021 ikaweka kwamba mgonjwa wa akili aliyekwisha kuanza apate nafasi ya kurudi katika siku 10 za kazi.

Lakini sheria bila ya wafanyakazi ni wino tu. Mwaka 2022 washauri wa akili wa Kaiser Permanente kaskazini mwa California, walio katika National Union of Healthcare Workers, waligoma wiki 10, na neno lao kubwa lilikuwa kwamba wagonjwa wanangojeshwa mno. Mwaka 2023 Kaiser ikapatana na Serikali ya jimbo kwa dola milioni 200: milioni 50 faini, na milioni 150 za kutengeneza huduma hizo. Mwezi wa Oktoba 2024 wenzao wa kusini nao wakagoma, mgomo uliokwisha mwezi wa Mei 2025. Hao walisimama kwa ajili ya hali yao ya kazi, na pia kwa ajili ya mgonjwa. Tujifunze hapo.

Tunajua mabwana watakavyojibu. Watasema gharama ya bima itapanda. Sisi tunauliza: gharama ya basi lililopinduka kwa sababu dereva hakulala ni ngapi? Gharama ya fundi wa miaka 15 aliyeacha kazi kwa pombe, na mwingine kufundishwa upya, ni ngapi? Hizo hulipwa kimya kimya na hakuna anayeziandika katika kitabu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na wako ndugu zetu wengine wasemao, "Haya ni mambo ya matajiri. Sisi tunao wazee, tunao wachungaji na mashehe." Twawaheshimu hao wote, na faraja yao si kitu kidogo. Lakini mzee akivunjika mguu twampeleka hospitali na pia twamwombea. Hakuna anayesema achague moja.

Kwa hiyo, katika mazungumzo ya mkataba ujao, tunapendekeza wajumbe wetu wadai mambo haya:

(a) Orodha ya washauri wa akili ibandikwe katika kila kituo, na ionyeshe wale tu wanaopokea wagonjwa kwa kweli.

(b) Kama hakuna nafasi katika orodha ndani ya siku 10 za kazi, au hakuna mshauri karibu, bima ilipe nje kwa masharti yale yale ya ndani, na ilipe moja kwa moja, ili mwenye mshahara mdogo asitafute mkopo kwanza.

(c) Mgonjwa aliyekwisha kuanza matibabu asikatishwe kwa sababu tajiri amebadili kampuni.

(d) Madai yasipite kwa meneja.

(e) Siku za ugonjwa ziongezwe. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inatoa, baada ya miezi 2 ya kazi, angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara katika miezi 12. Hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Mkataba unaweza kupanda juu yake.

(f) Dereva aliyepata ajali kazini atibiwe akili pamoja na mwili. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 inamtaka tajiri agharamie matibabu ya aliyeumia kazini, nasi tunasema kuumia hakuishii kwenye mifupa.

Na tusiwasahau vibarua, ambao hawana kadi ya tajiri hata kidogo. Kwao SHIF ndiyo bima yao, na kazi ya chama ni kuwasaidia wajiandikishe na kuwaonyesha hospitali za Serikali zenye washauri. Chama kinachopigania wenye kadi peke yao ni nusu ya chama.

Zamani babu zetu walivaa kipande shingoni, karatasi ya kuwafunga kwa tajiri. Kadi ya bima isiwe ndugu yake kipande, kitu cha kuonyeshwa mlangoni na kurudishwa. Iwe ufunguo.

Kila tawi lilete nakala ya mkataba wake wa bima kwa katibu kabla ya mazungumzo kuanza, pamoja na barua zote za kukataliwa madai, majina ya wagonjwa yakiwa yamefutwa. Tukiwa na barua moja watasema ni bahati mbaya ya mtu mmoja. Tukiwa na mia watakaa chini wasikilize. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.